Leo Jiko Langu Halitawashwa

Baba Mindra,

Ukirudi kutoka Vurra utakuta jikoni kumepoa. Usiulize chakula. Maharage yalimwagika yote, kuku wamejilia.

Asubuhi Mindra alificha chaja ya simu, akamwambia mdogo wake achote maji kwanza ndipo ampe. Huyu Acidri wako, miaka kumi na tano na miguu ya punda, hakumgusa dada yake. Alipiga teke chungu changu! Kikapasuka, mafiga yakatawanyika, nami nimesimama pale pale na mwiko mkononi. Mindra akacheka. Akacheka, Baba Mindra!

Unajua kwetu kijana akipiga teke mafiga ya mama yake, neno hilo haliishi kwa "samahani, mama". Lazima mjomba aitwe. Basi nakwenda Ludara kumleta kaka yangu. ~~Narudi jioni.~~ Narudi kesho.

Mbuzi apelekwe malishoni. Mindra aokote vigae vyote kwa mkono wake, si alivichekea? Acidri asiguse simu. Na wewe usiwanunulie chapati, maana huruma yako hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa.

Wakitaka kupika, mafiga mawili yako pale ukutani. La tatu nimelitia kwenye mkoba, mjomba wao alione kwa macho yake. Waambie wainjike sufuria juu ya hayo mawili, halafu wapatane wenyewe nani atakuwa la tatu.

Mama Mindra, mwenye jiko