Miaka ya Kuongezwa

Mdogo wangu mpendwa,

Naanza kwa kukuomba radhi. Barua yako ya mwisho ilinifikia siku nyingi, nami sikuijibu, jambo ambalo ningelikemea vikali kama lingefanywa na mwanafunzi wangu. Sikuwa mgonjwa, wala sikuwa na kazi. Nilikosa la kukuandikia ambalo lingekuwa kweli na tena lisikutie hofu. Natumaini wewe, shemeji na wapwa zangu mu wazima. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo hayanitii tena.

Habari niliyo nayo ni ya kaka yetu mkubwa. Ule uvimbe wa shingoni aliokuwa akiuficha kwa kola ya shati umekua. Nilimpeleka hospitali mwenyewe, naye akanifuata kama mtoto anayepelekwa kunyolewa. Tulipokuwa tukingoja, akaona saa ya ukutani imesimama. Niliondoka kwenda msalani, na niliporudi nilimkuta amepanda kiti, bisibisi mkononi, saa ya watu tumbo wazi. Jina lake likaitwa asilisikie. Muuguzi akaja juu, akamuuliza kama babu amekuja kutibiwa au kutibu. Kaka akamjibu kwa upole kwamba mgonjwa mahututi ndiye hutangulizwa. Benchi zima likacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa tulirudishwa mwisho wa foleni.

Daktari hakutuficha. Asipopasuliwa, uvimbe utamziba koo, wala hatamaliza mwaka. Akipasuliwa, huenda akaishi miaka mingi, lakini mshipa wa fahamu uendao mkono wa kulia umepita humo humo ndani ya uvimbe, na mkono unaweza kufa. Unajua mkono ule ni nini kwa fundi saa.

Tangu siku hiyo nashinda dukani kwake, nimekalia kigoda cha wateja, tunabishana katikati ya milio ya saa zisizokubaliana. Alinieleza kwamba maisha yake yote amefungua saa, na ndani amekuta springi, magurudumu na vumbi. Wakati wenyewe hajaukuta. Saa, alisema, hulinganishwa na saa nyingine, nayo na nyingine, na ya mwisho hulinganishwa na jua, nalo jua halina habari. Basi daktari anapoahidi kumwongezea miaka, ataiongeza juu ya kitu gani?

Nilimuuliza, kama wakati haupo, uvimbe umekua ndani ya nini? Alicheka mpaka akakohoa, akasema Mwalimu hajaacha kusahihisha watu. Uvimbe unakua kama kutu inavyokula chuma, alisema, na kutu haisomi kalenda. Vitu vinabadilika, nasi tumeyapa mabadiliko jina ili tuwe na wa kumlaumu. Nilimwambia kwamba maji hayana umbo bila chombo, lakini sijasikia mtu akidai kwamba kwa hiyo maji hayapo. Hapo akapuliza vumbi kwenye saa ya mteja. Kisha akasema kwamba siku aliyomwoa marehemu mkewe haikwenda popote. Iko mahali pake, kama chumba ambacho hatuna ruhusa ya kurudi ndani, lakini hakijabomolewa. Akifa kesho, chumba hicho hakitapungua hata tofali.

Wiki iliyopita aliweka vifaa chini, akaniambia kwamba atakubali kupasuliwa nikimwomba. Ila kwanza nimjibu, bila mapambo: namwombea yeye, au najiombea mimi?

Mdogo wangu, ulizaliwa sisi tumekwisha kuwa vijana. Nyumba yetu ya kwanza hukuiona, wala hukumjua mama angali mwembamba, akiimba huku anafua. Hayo yamebaki kwa watu wawili tu. Nikisema sakafu ilikuwa nyekundu, yeye pekee ndiye awezaye kunibishia kwamba ilikuwa ya kijivu. Akiondoka, nitasema nitakalo, na hatakuwapo wa kunisahihisha. Naogopa hilo kuliko kifo changu mwenyewe. Sasa umejua: nataka ndugu yangu auweke mkono wake rehani ili mimi nisibaki peke yangu na utoto wangu.

Sijamjibu. Kila asubuhi navaa koti, naenda dukani, nazungumzia mvua. Yeye haniulizi tena. Ananitengea kigoda tu na kuendelea na kazi. Daktari anataka kauli yetu kabla mwezi haujaisha, na sauti ya kaka imeanza kukwaruza.

Nisalimie shemeji, na wapwa zangu uwaambie mjomba wao mkali anawakumbuka. Usifunge safari kwanza, wala usimwandikie yeye. Swali nimeulizwa mimi. Nikishamwambia ukweli huu, naye akishaamua la kufanya nao, nitakuandikia siku hiyohiyo.

Ni mimi kaka yako,
Mwalimu