Orijino Iliyochoka

Jumanne, 2 Desemba 2025

Taa ya T-BELT imewaka kwenye pikapu. Mama alidhani ni mafuta yameisha. Kaka yangu Javan akasema hapana, ni mkanda wa taiming, umemaliza kilomita zake, lazima ubadilishwe kabla ya Jumamosi. Jumamosi yeye na Mama wanaenda Timboroa kuchukua viazi. Wateja wa Mama sokoni wanangoja vya Krismasi.

Mama alitaka twende gereji. Javan hataki kusikia. Mafundi, kwake, ni watu wa kukutolea spea nzuri na kukuwekea mbovu. Atabadilisha mwenyewe hapa uani. Ameshatazama video mbili — na Javan akitazama video mbili huwa amehitimu.

Mimi ni msaidizi. Mkono wangu ni mwembamba, unaingia nyuma ya rejeta ambapo wake unakwama. Tangu nimalize Form Four ni mara ya kwanza mtu kunihitaji kwa kitu nilicho nacho. Nilifurahi. Halafu nikauliza huo mkanda hufanya nini hasa.

Alinionyesha kwa ngumi mbili, pistoni na vali. Moja inapanda, nyingine inashuka, mkanda ndio unaoziambia zipishane. Ukikatika zinagongana, injini inakufa hapo hapo. Nikauliza, na breki? Breki inakuwa ngumu kama jiwe, akasema, usukani pia. Alikuwa anacheka.

Mimi sikucheka. Naujua ule mteremko wa kutoka Timboroa. Mama hukaa upande wa abiria, na kwa uchovu huwa amelala hata kabla ya Burnt Forest.

Jumatano, 3 Desemba

Javan amerudi na mkanda mpya kwenye kisanduku cha buluu. Si wa kampuni iliyounda gari, ni wa kampuni nyingine, lakini saizi ni hiyo hiyo. Muuzaji amemwambia madereva wote wa hapa Soy wanatumia huo. Nimeushika. Mweusi, meno yamekaa sawa, unanuka duka. Nimeupenda.

Jioni akaja Oketch, rafiki yake, yule anayefungua injini kuukuu kutoka Japani na kuuza vipande. Aliuangalia mkanda wetu kama mgeni aliyepewa strungi, chai bila maziwa. Akamuuliza Javan kama amechoka kuwa na mama. Kisha akatoa mwingine kwenye jaketi lake, umetoka kwenye injini ya gari la aina yetu, jina la kampuni bado linasomeka.

"Hii ni orijino, bro. Orijino iliyochoka inashinda feki mpya."

Javan aliyarudia maneno hayo kama methali. Nikajua ule wa kisanduku umeshindwa.

Nilitaka kusema kwamba raba huzeeka. Kwamba labda Wajapani wenyewe walishautupa. Nilifungua mdomo. Oketch akanitazama, akamuuliza Javan kama mimi huongeanga. Javan akasema, kwa kitabu tu, hiki ninachoandika. Wakacheka. Nikaenda kuangalia chai ambayo hakuna aliyekuwa ameipika.

Alhamisi, 4 Desemba

Javan alipotoka nimeuchukua ule orijino nikaukunja kinyumenyume, meno nje. Nyufa. Ndogo, kama za kisigino cha mtu anayelima, lakini ziko kati ya kila jino na jino. Nikaukunja ule mpya. Hauna hata mmoja.

Nimemfuata Mama jikoni. Nikasema, Mama. Akasema, ee? Nikasema unga unakaribia kuisha. Unga umejaa debe.

Basi ndivyo nilivyo. Naogopa mteremko. Naogopa pia Javan kuniambia mbele ya watu kwamba sijui kitu. Naona aibu kuandika kwamba mambo hayo mawili yanaweza kuwekwa kwenye mizani moja.

Ijumaa, 5 Desemba

Kiganja kinauma, mwandiko utakuwa mbaya.

Tulianza asubuhi. Rejeta nje, feni nje, kifuniko nje, mkanda wa zamani nje. Kazi yangu ilikuwa kushikilia puli ya juu, gurudumu linalopitiwa na mkanda, isizunguke, alama itazamane na alama. Javan alikuwa amelala chini ya gari akishughulika na puli ya chini. Mkanda mpya na ule wa Oketch ilikuwa juu ya gunia, kando ya goti langu. Akanyoosha mkono kutoka chini bila kutazama.

"Lete."

Hakusema upi. Hakuona haja. Kiganja kimejaa grisi, kiko wazi, kinangoja. Nikaweka ule mpya.

Vidole vyake vikauminya. Vikapita juu ya meno, polepole. Nilisikia kuku wa jirani.

"Mideva. Hii ni ya kisanduku."

"Ule mwingine una nyufa," nikasema. Sauti ilitoka. Nyembamba, lakini ilitoka. "Ukunje uone."

Nikampa na huo. Sikuona uso wake, niliona viatu tu. Kisha akauliza: Oketch anafanya kazi hii miaka yote hiyo na haoni, wewe ndiye unaona? Puli ilikuwa inanikata kiganja na sikuiachilia. Mwishowe ule orijino ukarushwa kutoka chini ya gari, ukaangukia nyasi.

"Sawa. Lakini Mama akiuliza, ni wewe umechagua. Si mimi."

Nikasema sawa. Ni rahisi kukubali kitu ukiwa huoni uso wa mtu.

Alizungusha injini kwa spana kwanza, taratibu, tukisikiliza kama kuna kinachogongana. Hakuna. Akawasha. Ikaitika. Mama alipiga makofi mlangoni. Nikakaa pale pale chini.

Ijumaa, jioni

Nilikuwa nafagia uani, nikaokota kile kisanduku cha buluu. Ubavuni wameandika HIGH QAULITY. Upande wa pili wamekosea tena vile vile.

Mtu aliyekosea neno hilo kwenye kisanduku, amekosea nini ndani ya raba? Au wanaochapa visanduku si wale wanaopika raba? Sijui. Ubaya wa ule wa Oketch niliuona kwa macho. Kuhusu huu nilichojua ni kwamba ni mpya. Basi.

Nimemwonyesha Javan. Hakunicheka, na hilo limenitisha zaidi. Akasema kufungua tena ni siku nzima, na duka gani litatupa mwingine saa hii? Akasema sote tulikishika hicho kisanduku na hakuna aliyekisoma. Nadhani alikuwa ananihurumia.

Jumamosi, 6 Desemba

Naandika ndani ya pikapu, hapa Timboroa, magunia yanapakiwa. Baridi inaingia hadi kwenye meno.

Asubuhi nilikaa kiti cha katikati kabla hawajatoka nyumbani. Javan akaniambia nishuke, sina kazi huko. Nikasema sishuki. Mama akashangaa, akauliza nimeanza lini kupenda viazi hivi. Nikamwambia yote: nyufa, kisanduku, kwamba ni mimi niliyechagua. Nilitazama magoti yangu, lakini nilimaliza.

Mama akauliza swali moja tu: kati ya hiyo mikanda miwili, hata leo ningechukua upi? Nikasema ule mpya.

"Basi sogea," akasema, akaingia.

Kupanda kulikwenda vizuri. Sasa tumeanza kushuka, nami bado naandika, na uzito wote uko nyuma yetu. Javan amezima redio bila kuambiwa. Mama hajalala.

Kuna sauti. Nyembamba, kama mluzi, mbele ya miguu yangu. Haikuwepo tulipokuwa tunapanda. Nimemwomba Mama afunge dirisha, labda ni upepo. Amefunga. Bado. Javan ameinamisha kichwa, naye anaisikiliza, na lori la mbao liko nyuma yetu karibu sana.

Nimemwambia Javan asimamishe gari. Kwa sauti, mara mbili.

Anatafuta pa kusimama.