Mshale wa Mafuta Umetulia

Kaka yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi na wanangu wawili. Huku hatujambo. Mafua yaliyonishika mwezi uliopita yameniacha, na cherehani yangu haipati nafasi ya kupoa, maana shule zinakaribia kufunguliwa na kila mzazi anataka sare iwe tayari tangu jana. Baba hajambo, tena hajambo kweli, na hiyo ndiyo habari iliyonikalisha niandike badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza.

Ni habari ya lori. Unakumbuka lilivyomzimikia mlimani na shehena ya matofali, mafuta yamekauka, naye akishikilia kwamba geji ilionyesha nusu tangi. Tangu tulipokaa kikao na kumwomba apumzike, lori lilibaki uani karibu na ukuta, na Baba akawa kama lori lake. Anaamka, anavaa, anakaa.

Wiki tatu zilizopita nililiwasha ili betri isife, nikaona mshale wa mafuta unapanda hadi mwisho, unashuka, unapanda tena, na lori limesimama tuli. Nilimwita Baba. Alitazama, kisha akasema, "Sasa umeuona na wewe."

Kesho yake tulianza. Fundi umeme wa pale kwenye kona alisema geji imechoka, akafunga nyingine. Mshale mpya ukacheza ngoma ile ile. Fundi akasema gari la umri huo inabidi kulizoea tu, akaondoka. Baba alichekea puani, akasema huyo bwana ametibu mdomo wakati linaloumwa ni tumbo.

Akavuta kigoda hadi kwenye tangi, akanielekeza. Kwanza nichomoe waya wa geji pale kwenye tangi: mshale ukapanda hadi mwisho. Niugusishe kwenye fremu: ukashuka hadi sifuri bila kutetemeka. Akaniambia geji na waya havina kosa, twende mbele. Tukahamishia mafuta yote kwenye madumu, nikafungua skrubu, nikatoa boya linalopima mafuta pamoja na mkono wake wa chuma. Nilijiandaa kukuta kutu, lilikuwa safi. Baba akataka nirudishe waya, nibane kitako cha boya kwenye fremu, kisha nilipandishe taratibu kwa kidole. Yeye alipanda kwenye usukani, akawa anataja anachokiona: robo, nusu, robo tatu. Mshale ulikwenda laini kama uzi kwenye sindano. Tukalirudisha boya ndani ya tangi, mshale ukaanza wazimu wake.

"Nje ya tangi linafanya kazi, ndani halifanyi," alisema Baba. "Basi tangi lenyewe halijagusana na gari." Alinieleza kwamba umeme ukishapita kwenye boya hurudi kwa njia ya mwili wa tangi hadi kwenye fremu, njia hiyo ikikatika, geji inabahatisha tu. Akaniambia nichungulie chini ya mikanda inayoshikilia tangi.

Kaka, sikuhitaji kuchungulia. Ile wiki Baba alipokuja kwenu kumwona mtoto mchanga, nilitaka akirudi akute lori linang'aa. Mimi na fundi rangi tulilishusha tangi, tukalipaka mara tatu, na mikanda pia. Kisha nikakata mpira wa tyubu kuukuu, nikautandika kati ya mikanda na tangi ili rangi isichubuke. Nilishona hata kingo zake. Baba alinisifu mbele ya watu. Siku kumi baadaye lori likamzimikia mlimani. Na kwenye kile kikao, ni nani aliyetangulia kusema macho ya Baba yamechoka? Ni mimi.

Nilimwambia pale pale, uso chini, kipande cha mpira nilichokichomoa chini ya mkanda kikiwa mkononi. Kisha akauchukua mpira, akaugeuza, akautazama mshono.

"Kwa hiyo niliona sawasawa," alisema.

Nililia, yeye akanituma msasa. Tulikwangua rangi, tukafunga waya kutoka kwenye tangi hadi boliti ya fremu, tukamimina mafuta dumu baada ya dumu, na mshale ukapanda polepole kama mtu mzima kwenye ngazi.

Sasa la mwisho, litakalokuudhi. Nilimpeleka Baba kwa daktari wa macho, akasema ya mbali anayaona vizuri, miwani ni ya kusomea tu. Siku hiyo hiyo nilimrudishia funguo ulizonikabidhi nizifiche. Sikukuuliza, kwa sababu ungesema tungoje. Leo asubuhi amempelekea seremala mbao, akarudi saa sita analalamikia mashimo ya barabarani kama zamani. Ninapoandika, amelala usingizi wa mtu aliyetoka kazini.

Ukimpigia, usimwombe radhi kwa niaba yangu. Yangu nimeshaimaliza naye. Muulize tu lori linaendaje, kisha umwache aseme.

Nisalimie wifi, na huyo mkubwa mwambie shangazi yake anangoja vipimo vya kaptula. Baba angewasalimu mwenyewe, ila sina moyo wa kumwamsha.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Fundi Cherehani