Kaka Ooko, Njoo Uwashe Moto wa Kwanza

Igogo, Mwanza
12 Agosti 1995

Mpendwa kaka Ooko,

Shikamoo. Safari hii sikuulizi kama uko hai, maana Luhaga, yule jirani yetu dereva wa malori, amekuona Mbeya kwa macho yake. Anasema umenenepa, unauza vipuri vya magari, na bado ukicheka unafumba macho. Nilifurahi nikalia. Kisha nikakasirika, nikalia tena. Barua hii nampa yeye akuwekee mkononi, usije ukasema posta imeipoteza kama zile nyingine.

Huku tuko wazima kiasi. Mama miguu inamvimba ikifika jioni, lakini ulimi haujavimba, anatugombeza kama kawaida. Mdogo wetu Nathaniel ameota ndevu na anajiita nahodha. Mimi nilipunguzwa kazi mwaka juzi, kiwanda kikingoja mnunuzi. Siku hizi kila kitu kinangoja mnunuzi.

Tulichobaki nacho ni boti ya mbao yenye injini. Tulikuwa tunakusanya sangara visiwani, lakini wenye viwanda vya minofu wameleta maboti yao yenye barafu na wavuvi hawatungojei tena. Umebaki mlango mmoja tu. Wazungu wanaotafuta dhahabu Geita wanataka tuwatembeze ziwani wavue sangara kwa ndoana, na usiku walale kwenye mahema ufukweni. Wakipapenda watakuja kila mara. Wakiona ovyo, boti itauzwa, na baada ya hapo sijui tutakula nini, kaka. Sisemi hivyo kukutisha. Sijui kweli.

Wanakuja mwisho wa mwezi huu, na mahali pa kuwalaza hatujapata.

Nathaniel na mimi tumezunguka ufuko wote kuanzia Kamanga. Tulipata mchanga mweupe mzuri, nikaanza kuchagua pa kuweka jiko, Nathaniel akanionyesha majani yaliyoliwa mpaka chini: ni njia ya viboko kwenda malishoni. Mahali pengine pana miamba mipana ya kupendeza. Tukakaa kula ugali wetu, kugeuka nyuma upepo umeleta magugu maji yameziba ghuba nzima. Tulitoka kwa kusukuma na upondo mpaka mikono ikachubuka, na propela imesokotwa mizizi. Penye maji matulivu pana konokono, na wazungu hawakosi kuoga. Nikiwarudisha Geita na kichocho nimekwisha. Palipobaki pana dago, kambi ya wavuvi wa dagaa, karabai na redio mpaka alfajiri na dagaa wameanikwa kila penye nafasi ya hema.

Panapofaa ni mahali pamoja tu, na wewe umeshapajua. Ni kwa Baba, kwenye boma alilokuwa akijenga.

Boti inafika mpaka kwenye jiwe la kushukia. Magugu hayakai, upepo unayafagia. Ule ua wa minyaa alioupanda mwenyewe umekua, viboko hawapiti. Nyumba imeishia kwenye mbao za paa, pale pale alipoiachia. Hakuwahi kulala humo hata siku moja, wala yeyote kati yetu.

Mama amekataa. Nikamwambia hema si nyumba. Akaniambia, "Hao watu hawatakula? Si watapika? Boma la baba yenu halijawashwa moto, leo wauwashe wageni na mwanangu wa kwanza yuko hai? Shoka ni la Ooko, jogoo ni wa Ooko, moto ni wa Ooko." Nikambishia kwamba sisi ni Wakristo. Akasema yeye alibatizwa kabla yangu.

Unajua mila yetu. Boma jipya la Mjaluo huingiwa kwanza na kifungua mimba akiwa na shoka, jogoo na moto, na baba mdogo Oluoch angesimama mahali pa Baba. Asubuhi moja tu ya kazi yako, kaka, kisha urudi kwenye vipuri vyako. Kinachokuzuia nakijua. Hukuja kumzika Baba, na watu walisema sana, na mimi nilisema. Njoo hivyo hivyo. Atakayekusema ataanza na mimi.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Jumapili iliyopita baba mdogo alikuja, akamwambia Mama kuna njia nyingine: kifungua mimba akifa, anayemfuata anachukua shoka. Nikadakia kwamba Luhaga amemwona! Akanijibu, "Luhaga ameona mtu. Mtoto asiyemzika baba yake, sisi tumhesabu wapi?" Nikamgeukia Mama anisaidie kumjibu. Mama alinyamaza. Wewe unamjua Mama, huwa hanyamazi hata kanisani.

Jana baba mdogo ameleta tunda la mvungunya. Wewe ulikuwa mkubwa siku walipozika moja badala ya yule jirani aliyezama na mwili wake haukuonekana. Lile lile refu, zito kama mtoto mchanga. Sasa hili ni lako. Limefungwa kwenye shuka uvunguni mwa kitanda cha Mama, na tangu liletwe Mama analala kwenye mkeka chumba cha mbele. Watakuzika Jumamosi ya tarehe 26. Jumapili Nathaniel ataingia na shoka, na baada yake wageni watapiga mahema yao.

Haya yote yameanza kwa sababu mimi nilitaka kambi. Siitaki tena. Nimemwambia Nathaniel tuwakatae wazungu, boti iuzwe, na yeye amekubali huku analia. Baba mdogo anasema neno la kifo likishatamkwa halirudishwi mdomoni. Linafutwa na wewe mwenyewe ukisimama mbele yao. Ukishazikwa, Ooko, kwa Baba huna mlango. Ukija baadaye hata mimi sitaruhusiwa kukupa maji. Naogopa, kaka. Panda hata lori la Luhaga, ulale juu ya magunia, lakini fika kabla ya Jumamosi hiyo.

Nathaniel anakusalimu sana, anasema hataki shoka lako. Wanangu Modesta na Rebeka wanamsalimu mjomba wasiyemfahamu. Baba mdogo hakutoa salamu. Mama nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Akasema aliyekufa hasalimiwi. Kisha akaniuliza Luhaga anaondoka saa ngapi.

Mungu akutangulie njiani na akulinde mpaka unifikie.

Dada yako akupendaye, ambaye bado hajakulilia,
Awuor