Kamera ya Geti la Shule

Jumatatu, 5 Mei
Chai ya rangi, chapati ya jana, kiti kile kile kibovu. Kamera ya geti la shule, pale karibu na kituo cha basi Msamvu, inapiga picha kila chombo kinachosimama zaidi ya dakika tatu. Mimi naangalia namba, nabonyeza faini. Leo bajaji ya bluu tena, dakika tisa. Mara ya pili tangu Ijumaa. Nimebonyeza bila huruma. Mwaka jana mtoto aligongwa pale pale kwa sababu magari yalikuwa yameziba njia. Sitaki visingizio.

Jumatano, 7 Mei
Mwenye bajaji ya bluu kaja ofisini. Mzee Polikarpi wa Bigwa, kumbe Mluguru mwenzangu, na ukoo wake na wetu ni watani. Nimemwamkia shikamoo, akaniambia nimenenepa kwa kula faini za wazee. Nikamwambia siku ya msiba wake nitakula kuku wote kabla hajazikwa. Ofisi nzima hoi.

Halafu akasema ana mjukuu, Yusta, yuko darasa la sita, miguu yake haina nguvu. Humbeba mgongoni mpaka darasani, ndiyo maana huchelewa pale getini. Alisema hayo huku bado anatabasamu. Nikamuuliza, "Na wewe mzee, nani anakubeba?" Foleni ikaangua kicheko. Yeye pia akacheka, akaaga. Mtani haruhusiwi kununa.
Siku nzuri. Ulimi wangu bado uko vizuri.

Ijumaa, 9 Mei
Bajaji ya bluu. Kosa la tatu. Kosa la tatu ni mnyororo kwenye tairi, nimewapigia simu vijana wetu wa minyororo wakaenda kuufunga. Jioni mzee kalipa, wamemfungulia. Mvua.

Jumatatu, 12 Mei
Geti jeupe, hakuna aliyeegesha. Bosi kanisifu mbele ya watu.

Jumatano, 14 Mei
Mwalimu wa darasa la sita kapiga simu. Mpole sana, na upole wake umeniumiza zaidi. Juzi mzee aliogopa mnyororo, akaegesha kule mbali kunakoruhusiwa. Akambeba Yusta mgongoni katikati ya watu wote wa stendi. Vijana wakawapigia miluzi. Jana mtoto hakuja shule. Leo pia hakuja.

Kwa hiyo ni kweli. Hakuwa anatania.

Picha za faini zinaonyesha namba tu, nyuma ya chombo. Nimefungua video ya Ijumaa, nikaiangalia yote. Mzee anachuchumaa kwenye tope. Mtoto anamshika shingo. Mara ya kwanza anashindwa kuinuka. Mara ya pili anainuka, mkoba wa shule ameung'ata kwa meno kwa sababu mikono yote miwili imeshika miguu ya mtoto.
Na mimi nilicheka.

Alhamisi, 15 Mei
Kibali cha kuegesha getini nimekipata ndani ya saa moja. Saa moja tu! Fomu zilikuwa kwenye droo yangu siku ile aliposimama mbele yangu. Nina aibu. Sijala.

Jumamosi, 17 Mei
Nimepanda Bigwa na kibali changu. Nimechelewa. Yusta amekataa shule kabisa, jana kapelekwa kwa shangazi yake Dumila. Anakaa barabarani anauza nyanya. Mzee anasema huko hakuna wa kumwona akibebwa, kwa kuwa hakuna anakokwenda.

Nimeomba radhi. Akanisogezea kigoda. Nikajaribu utani, nikamwambia ndevu zake zinafaa kusugulia masufuria. Hakucheka. Nikasema nitazungumza na mwalimu, nitakwenda Dumila mwenyewe. Akasema nisijisumbue, mtoto ameshaamua. Kibali alikipokea kwa mikono miwili, akakikunja, akakitia mfukoni bila kukisoma.
"Asante, afisa."
Afisa!

Jumapili, 18 Mei
Sikwenda kanisani. Mboga za mzee ziko jikoni, bado zimefungwa. Jana wakati naondoka alikata mafungu mawili shambani kwake, akayafunga kwa kamba ya mgomba, akanikabidhi kwa adabu. Kwetu mtani hapewi mboga. Anaingia shambani, anachuma anachotaka, na mwenye shamba anamtukana huku anacheka. Jana nilisimama nje ya shamba nikangoja, nikapewa kama mgeni.