Gari la Baba Ikram: Niuze Mwenyewe au Nimwachie Dalali?

Bi Hamisa, nakusalimu kwa heshima, na kabla sijasema shida yangu nakuomba usinicheke, maana najua wapo wanaokuandikia mambo mazito ya ndoa na magonjwa na mimi nakuandikia habari za gari, lakini gari hili linaninyima raha na sina wa kumweleza.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na saba, naishi hapa Korogwe. Marehemu mume wangu, Jabiri, alikuwa fundi wa pampu za visima na kazi zake zilikuwa huko Handeni, leo Kwedizinga, kesho Kang'ata, akiondoka Jumatatu anaweza kurudi baada ya wiki mbili. Mwanetu wa mwisho, Ikram, alipoolewa nikabaki peke yangu kabisa, nikamwambia mume wangu kwamba siku hizi hata chai sipiki, kuchemsha maji ya mtu mmoja kunanitia uchungu. Baada ya miezi michache akaja na basi dogo kuukuu, akang'oa viti vyote, akatia kitanda cha mbao, jiko la gesi, kabati la vyombo na tangi la maji, mapazia nikashona mimi, halafu akasema, "Mama Ikram, sasa tutasafiri na nyumba yetu." Tumeishi hivyo miaka minane, yeye yuko kisimani mimi napika chini ya turubai pembeni ya gari, akina mama wa Kimasai wakija kuchota maji wananipa maziwa nami nawapa chai, na sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Mwezi wa pili mwaka huu akafariki kwa ugonjwa wa figo. Nimeshatoka eda, na gari limesimama uani tangu hapo, matairi yameisha upepo na kutu imeanza kula milango. Mimi kuendesha sijui. Ikram anasema tuliuze kabla halijaoza, nami nimekubali, kwa mdomo nimekubali, basi akapiga picha akazisambaza kwenye simu.

Akaja mtu na mkewe kutoka Handeni, Yordani na Ruthi. Yordani ni daktari wa mifugo, anazunguka kwenye maboma ya wafugaji, na alisema amechoka kumwacha mke wake nyumbani kila mara. Hakujua anamwambia nani. Nikawafungulia, Ruthi akaingia, akafungua kabati, akaligusa jiko, kisha akakaa kitandani, upande wangu ule wa dirishani, akamtazama mumewe akacheka kidogo. Bi Hamisa, wivu ulionipanda sikuwahi kuujua hata ujanani, namwonea wivu mtoto wa watu kwa sababu tu ana mume. Nikajisikia nasema, "Ila sitawaficha, injini inakula oili, fundi alishasema haina maisha." Uongo mtupu. Injini ile Jabiri alikuwa anaikagua kila mwezi na kuipangusa kwa fulana zake.

Yordani akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Asante sana, mama. Wengi wangetuficha." Wakaondoka. Tangu siku ile sijatulia.

Sasa kuna dalali anaitwa Mustapha, anasema ana mteja wa Tanga atakayerudisha viti liwe gari la abiria. Anataka nimpe kadi ya gari na ufunguo, atalichukua hata nisipokuwepo, pesa ataleta. Ikram anaona ndiyo njia rahisi, na mimi naona afadhali, sitamwona anayekaa kitandani. Lakini nilipoitoa kadi nikasoma jina la Jabiri, mkono ukakataa. Nimpe dalali, au niuze mwenyewe ilhali umeona nilichofanya?

Mama Ikram, Korogwe

BI HAMISA ANAJIBU

Mama Ikram, pole dada yangu, na wala sijacheka. Mwanamume aliyesikia mkewe hapiki chai akaenda kutafuta basi, huyo si wa kumsahau kwa miezi michache.

Lakini ulikosea. Uliwadanganya watu wawili wakakushukuru, ndiyo maana hutulii. Wivu wako naufahamu na sikulaumu kwa kuuhisi. Nakulaumu kwa kumlipizia Ruthi msiba ambao hakuuleta.

Madalali wamo waaminifu na kazi yao ni halali. Ila anayetaka kadi na ufunguo kabla hujamwona mnunuzi, usimpe hata picha ya kadi. Na tuambiane kweli: wewe hutafuti mtu wa kuuza gari, unatafuta mtu wa kuagana nalo kwa niaba yako. Kazi hiyo hakuna dalali anayeiweza.

Isitoshe, kadi ina jina la marehemu, kwa hiyo leo si wewe wala Mustapha anayeweza kuliuza. Kaeni kikao cha familia, andikeni muhtasari, mwende na cheti cha kifo mahakama ya mwanzo ateuliwe msimamizi wa mirathi. Kila mrithi apate haki yake.

Wakati huo huo mpigie Yordani. Usimtumie ujumbe, piga, useme ulidanganya na kwa nini. Aje na fundi wake akague. Akikasirika, vumilia. Akikataa, ndipo umrudie dalali, kwa masharti yako: ujira wake uandikwe, mnunuzi aje nyumbani kwako, kadi itoke mkononi mwako malipo yakishaingia benki.

Haya yote nilimsomea Mama Ikram kwa simu kabla ya kuyachapa. Juzi akanipigia. Alimweleza Yordani kila kitu. Yordani akampa mkewe simu. Ruthi akasema, "Mama, mimi nilijua. Niliona ulivyonitazama nilipokaa pale, nikamwambia mume wangu huyu mama hajawa tayari, tumwache." Hawajanunua gari lingine. Watasubiri karatasi za mahakama.

Basi, Mama Ikram, umebakiwa na jambo moja. Siku gari linapotoka uani usiwe peke yako. Mwite Ikram aje tangu asubuhi na alale kwako siku mbili tatu. Na ukitaka kulia mbele ya Ruthi, lia. Bei mtakuwa mmeshakubaliana.