Yowe la Mazoezi

Jumamosi, 14 Juni 2025

Tumefika. Lori limetuacha barabarani, mizigo tumepandisha wenyewe hadi huku ukingoni mwa msitu, juu ya kijiji cha Masieda. Vijana ishirini na wawili wa kambi ya mafunzo, Patriki na mimi mkufunzi wao. Goti limenikumbusha umri wangu njia nzima. Lakini tumefika, mvua haikutugusa, na hakuna aliyesahau blanketi isipokuwa Patriki mwenyewe — mkufunzi msaidizi! Katoka Arusha, anadhani Juni ni Juni popote.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Tadei, alikuwa anatusubiri. Watoto wakampa shikamoo mmoja mmoja, naye akaitikia zote, bila haraka. Uwanja ni wetu wiki nzima. Kuni kavu tuokote, mti mbichi tusiguse. Kabla hatujamaliza kufunga maturubai, kina mama wa nyumba za karibu wameleta viazi, ndoo nzima. Hatukuomba. Nimeshukuru mpaka maneno yakaniishia.

Vijana wamemchagua Fabiola kuwa kiongozi wa kambi. Wa Bashay, huku huku milimani, kidato cha tatu. Sauti kubwa, kichwa kigumu, moyo safi. Utaratibu wangu ni uleule: akishachaguliwa, yeye ndiye anapanga, mimi nauliza maswali tu. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii.

Wa mwisho kufika ni Perpetua. Baba yake kamleta kwa bodaboda kutoka tambarare za Hanang, shuka begani, vumbi mpaka kwenye kope. Wafugaji. Binti hajawahi kulala milimani. Baba hakukaa hata kunywa chai. Aliniambia amemleta mzima, atamfuata Jumapili ijayo, amkute vilevile. Nikaahidi. Nimeahidi upesi mno. Ningesema nini kingine?

Jumapili, 15 Juni

Sala asubuhi, kisha mafundo ya kamba, moto wa kuni zilizolowa na moto wa kuni kavu. Uji uliungua. Tumeunywa.

Kulipokucha ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Perpetua akatoka kwenye turubai, akaniuliza mlima umekwenda wapi. Hakuwa anatania. Kwao ukisimama mlangoni unamwona ng'ombe wa jirani tangu anapotoka mpaka anaporudi. Nikamwambia mlima upo, umejifunika tu. Hakuonekana kuniamini.

Wenzake wa huku milimani walicheka. Fabiola akawakemea, akampanga kwenye kundi lake mwenyewe. Sikumwambia afanye hivyo. Nimefurahi sana.

Jumatatu, 16 Juni

Leo sijui nianzie wapi.

Somo lilikuwa kuomba msaada. Patriki akafundisha filimbi: puliza mara tatu, tulia, puliza tena. Vizuri. Lakini upepo wa huku unaimeza filimbi, ukivuka korongo husikii kitu. Fabiola akasema kwao hawaitani kwa filimbi, wanapiga yowe. Akataka wafanye mazoezi. Nikauliza swali langu: watu watajuaje kwamba ni mazoezi? Akajibu atapita nyumba kwa nyumba kuwaambia. Na kweli akapita. Nyumba zote za karibu, akarudi amechoka, amepewa na mahindi ya kuchoma. Nikaridhika. Mimi, niliyezaliwa huku huku, nikaridhika!

Alipiga mara moja, tena kwa sauti ya kujizuia. Lakini watoto wa huku wakisikia yowe koo zinafunguka zenyewe. Wakapokea. Ng'ambo ya korongo mchungaji mmoja akasikia, naye akapokea, akalipeleka kwa wenzake. Huko hakuna aliyeambiwa kitu. Yowe likazunguka mgongo wote wa mlima, likaturudia kutoka upande wa pili — na walewale kina mama walioambiwa na Fabiola, wakilisikia linatoka kule, wakasema basi hili ni la kweli. Wakaja mbio.

Walikuja wote. Wanaume na fimbo, mikuki miwili mitatu, wanawake na maji, mama mmoja na mtoto mgongoni na panga mkononi. Wametukuta tumesimama na filimbi shingoni.

Patriki alijaribu kueleza. Hakuna aliyemtazama. Fabiola akatoka mbele mwenyewe, akapiga magoti, akasema ni yeye. Wazee wakatazamana. Wakageuka, wakaondoka, na hapo ndipo nilipoogopa.

Jioni tukaletewa habari. Mzee Alfredi, wa ng'ambo, alikuwa anamzalisha ng'ombe wake, ndama amekaa vibaya. Aliposikia yowe akamwachia mkewe, akakimbia. Aliporudi ndama alikuwa amekufa.

Jumanne, 17 Juni

Kikao, uwanjani. Wazee kwenye mawe, sisi tumesimama. Nilisema kosa ni langu, mtu mzima ni mimi. Mzee Tadei akaitikia kwa kichwa, kwamba hilo analijua.

Mama mmoja mzee akasema jambo ambalo halitaki kunitoka. Kwamba mtu akiitwa bure, miguu yake inakumbuka. Siku mtakayoita kweli, nani atainuka?

Mzee Alfredi alikuwepo. Mrefu, mkavu, mabuti ya mvua, kofia ya sufu. Alipoulizwa anadai nini alisema tu, "Nilisikia, nikaja." Akakaa. Ningependa angetutukana.

Uamuzi: kambi iendelee, watoto hawana ubaya. Lakini kambi haina yowe tena. Tukipata shida tutumie filimbi zetu. Tukapeana mikono. Wametuacha tukae, baada ya hayo yote! Nimemshukuru Mungu.

Fabiola hakula. Ameniomba nimvue uongozi. Nimemwambia kambi imemchagua, mimi siwezi kumvua, na kesho kuna zamu ya maji ya kupanga. Akaenda kupanga akilia.

Jumatano, 18 Juni

Asubuhi Fabiola hayupo! Nilizunguka maturubai yote nikimtafuta. Kumbe kaniachia ujumbe kwa Patriki: amekwenda kwa Mzee Alfredi kukata majani ya ng'ombe. Amekwenda na Perpetua.

Mchana nikavuka korongo polepole na goti langu kuwafuata. Nikakuta hivi. Ng'ombe aliyefiwa na ndama anabana maziwa, hataki kukamuliwa. Mke wa mzee, Mama Paskalina, alikuwa ameianika ngozi ya ndama. Perpetua hakuuliza kitu, kwao ni hivyo hivyo. Akaomba chumvi, wakaipaka ngozi wote wawili, yeye na Mama Paskalina, wakaiweka mbele ya ng'ombe. Ng'ombe akailamba kama anamlamba ndama wake. Perpetua akamwimbia kwa Kidatoga, lugha ya kwao, wimbo mfupi unaorudi rudi, mkono kwenye shingo yake. Maziwa yakateremka. Fabiola amekamua huku machozi yanamtoka, hata hakujifuta.

Mzee Alfredi alisimama mlangoni mwa zizi. Alimuuliza Perpetua ni binti wa nani. Akatajiwa. Akauliza na wa babu yupi. Akatajiwa. Basi. Kwa Fabiola hakusema neno. Ila tulipoaga alisema kesho majani yakatwe mapema, kabla jua halijayanyausha.

Kesho! Nimerudi njia nzima naimba, goti lisijue la kufanya.

Ijumaa, 20 Juni

Kidogo tu, nimechoka vizuri.

Fabiola na Perpetua wanakwenda ng'ambo kila asubuhi, na leo wamefuatana na wengine sita. Wamerudi na kibuyu cha maziwa ya mgando. Mama Paskalina kasema ni ya watoto, sio ya walimu. Patriki alisikitika waziwazi.

Makundi yanajiendesha. Sijafungua mdomo tangu asubuhi isipokuwa kula. Nimekaa kwenye jiwe nikawatazama: huyu anagawa kuni, yule anamfundisha mwenzake mdogo kufunga fundo, hakuna anayenitazama kuona kama nakubali. Miaka yote hii nimekuwa nikiomba siku ya namna hii. Ahsante. Sina la kuongeza.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika kwa sababu siwezi kukaa bure.

Mtihani wa mwisho: wawili wawili, dira na ramani, kwenda mpaka kisimani na kurudi kwa njia nyingine. Asubuhi kulikuwa kweupe, unaona mpaka bondeni. Perpetua alipangwa na Joakimu, mdogo kuliko wote, miaka kumi na mitatu. Wengine wote wamerudi. Kisha ukungu ukapanda kutoka bondeni, wote kwa pamoja, kama maziwa yanayochemka. Sasa ni alasiri na hao wawili hawajarudi.

Patriki kaenda na vijana wakubwa wanne, wameshikana kamba, wanapuliza filimbi. Mwanzo tuliwasikia. Sasa hatuwasikii, na bado hawako mbali. Ndivyo filimbi ilivyo huku.

Mimi nimebaki kwenye moto, goti. Tunauwekea majani mabichi utoe moshi. Moshi gani utaonekana ndani ya ukungu! Tunauweka tu.

Upande ule wa kisima kuna magenge ya miamba. Perpetua anajua kusoma ardhi kuliko wengi wetu, lakini ardhi anayoijua inaonekana. Na baba yake anakuja kesho. Nimkute vilevile, alisema.

Nimepiga simu kwa Mzee Tadei. Mtandao hakuna. Kumtuma mtoto kijijini kwenye ukungu huu ni kupoteza wa tatu.

Fabiola amekuja, akasimama mbele yangu. Ananiuliza: Madam, nipige? Nimemjibu kwamba tulikatazwa, kwamba tumepeana mikono na wazee. Anajua. Kwamba huenda hakuna atakayekuja. Anajua. Kasema, "Lakini hili ni la kweli." Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kumwambia tusubiri kidogo. Nikaufunga. Yeye ndiye kiongozi wa kambi.

Amepanda kwenye jiwe langu. Amepiga. Si kama Jumatatu — hakujizuia hata kidogo. Wenzake hawakupokea, wameogopa, wananitazama mimi. Basi nimesimama na goti langu nikapokea mwenyewe. Kumbe sauti bado ninayo. Hapo ndipo nao wakafungua koo.

Halafu kimya. Ukungu na matone kwenye turubai.

Amepiga tena.

Kimya. Namkumbuka yule mama mzee. Sithubutu kumtazama Fabiola.

Ng'ambo — mtu mmoja. Sauti nzee, kavu, inapasuka katikati. Fabiola kashika mdomo. Sasa wa pili, chini zaidi. Sasa wanapokezana, upande wa kisima, upande wa barabara, mbwa wanabweka. Ee Mungu, wanakuja. Fabiola ameshuka kwenye jiwe, anapanga: nani achukue kamba, nani achemshe maji, nani asimame njiani kuwapokea. Hajaniuliza kitu.

Niliweka kalamu chini, nimeichukua tena. Mzee Alfredi ametokea kwenye ukungu, wa kwanza, peke yake, mabuti yamejaa tope mpaka magotini, pumzi hana. Vijana wote shikamoo kwa pamoja. Ameitikia. Hakuuliza kama ni mazoezi. Amemtazama Fabiola, akamuuliza wameelekea upande gani. Fabiola amenyoosha mkono, nao wamekwenda, mzee mbele na yeye nyuma ameshika ncha ya fimbo yake. Wengine wanafika sasa, nawasikia wakikohoa njiani. Naongeza majani kwenye moto.